Sukari Kwenye Kikao cha Ncoolo

Siku ya posa yangu niliambiwa nikae jikoni nitulie, na utulivu huo nusura umuue baba yangu.

Kwetu Igembe, si mbali na Kangeta, mwanamume akitaka kuoa, wazee wake huleta ncoolo, yaani kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Wazee wa msichana wakikifungua na kutafuna pamoja na wageni, wamekubali. Wanawake hawaingii penye kikao hicho mpaka waitwe, na anayeposwa huitwa mwisho. Chakula nacho hungoja mazungumzo yaishe. Mimi sikuwa na ugomvi na hayo. Nilimtaka Mwendwa, mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nimemenya viazi tangu alfajiri bila kunung'unika.

Shida ilikuwa ugonjwa wa sukari wa Baba. Mwaka huo, 1996, alikuwa amelazwa wiki tatu kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi wa wodi, Sista Wanjira, mtu wa Embu, aliamua kwamba wa kufundishwa ni mimi. Ndugu zangu wawili walikuwepo pia, lakini aliona wanatazama dirishani, akawaacha na dirisha lao. Alinifundisha kuvuta insulini kwa sindano, kumdunga Baba tumboni, kukagua nyayo zake kila jioni, na kuweka chupa ya dawa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi kwa kuwa hatukuwa na friji. Jambo alilolirudia mpaka nikachoka ni la chakula. Dawa ikishaingia mwilini hushusha sukari, mgonjwa awe amekula au hajala.

"Huyu mzee wako anatafuna," aliniambia. "Hiyo miraa itamwambia ameshiba na hajakula kitu. Ukiona anatoka jasho na anaongea ovyo, usingoje daktari, usiulize mtu ruhusa. Sukari kwanza."

Baba yeye alikuwa na elimu yake. Aliamini uchungu wa miraa hukata sukari, na wazee wenzake walimuunga mkono, kila mmoja akimtaja mtu fulani wa ng'ambo ya mto aliyepona hivyo. Mtu huyo sijawahi kumwona hadi leo.

Asubuhi ya kikao nilimdunga saa moja, nikamwekea uji na nduma mezani. Wageni tuliotarajia saa nne wakatokea kabla hajagusa kikombe. Akainuka kuwapokea, na uji nikaukuta umepoa vilevile. Nilimtuma Mama akamkumbushe. Alichungulia mlangoni, akarudi akisema ncoolo imeshafunguliwa, Baba anatafuna na kucheka, na si adabu mwenye boma kula peke yake mbele ya wageni.

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mimi niliyemdunga kwa mkono wangu mwenyewe nilikaa nikichochea moto hadi karibu saa tano, nikiogopa kuitwa msichana asiye na adabu.

Kisha nikasikia sauti ya Baba imebadilika. Alikuwa anahesabu mbuzi tuliowauza zamani, halafu akaanza kumwita kaka yake aliyekwisha kufa. Wanaume wakacheka. Mjomba wa Mwendwa, Mzee Kithaka, akajisifu kwamba miraa yao ni kali, imemlewesha mwenye boma.

Nilichukua kopo la sukari na kikombe cha maji. Mama akanishika leso.

"Karwirwa, utaharibu posa yako."

Nikamwambia iharibike.

Shati la Baba lilikuwa limelowa chapachapa na kichwa kimeanguka kifuani. Kando yake, bega kwa bega, alikaa Mwendwa. Mzee Kithaka alisimama akasema msichana haingii hapo, nami nikampita. Nilimtoa Baba miraa mdomoni kwa kidole, nikamlaza ubavu, nikaanza kumsugulia sukari yenye maji kidogo ndani ya shavu. Niliogopa vibaya sana. Mtu alinivuta bega kutoka nyuma, nikamwambia bila kugeuka kwamba akiniondoa hapo, maziko ya Baba yatakuwa juu yake. Akaniachia.

Sijui ilichukua muda gani. Najua hakuna aliyecheka tena. Kope za Baba zilicheza, akameza, akaniuliza kwa nini amelowa. Nilimketisha, nikampa maji yaliyokolea sukari, halafu nikamletea uji wake na nduma. Akala yote mbele ya wageni, nami nikasimama pale pale kuhakikisha anameza.

Mzee Kithaka alisubiri kikombe kiwe kitupu. Kisha akasema kikao kimevunjwa na mwanamke, na kwamba wangesamehe kama nitapiga magoti niombe radhi, kwa sababu mke wa namna hiyo atawatia aibu. Nilimwambia magoti yangu yalishapigwa, kando ya Baba, na hayatapigwa tena leo. Baba, kwa sauti ndogo, akasema kwamba kuhusu ndoa, waniulize mimi.

Basi nikamgeukia Mwendwa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilikuelezea haya yote wewe," nikasema. "Jasho, kuongea ovyo, kila kitu. Si ulikuwa umekaa karibu na yeye? Uliona saa ngapi?"

Alichelewa kujibu, na katika kuchelewa huko nilimpenda kwa mara ya mwisho.

"Kitambo," akasema. "Lakini wazee walikuwa wanaongea."

Nilikusanya vijiti vya miraa vilivyobaki mezani, nikavifunga upya katika jani lao la mgomba, nikakaza fundo, nikaviweka mapajani mwa Mzee Kithaka. Mlangoni Mama alianza kulia. Baba akaomba nduma nyingine.