Pole kwa Sisifo

Kila masika mvua iliubomoa mteremko wa barabara karibu na Nyololo, na kila kiangazi Anania na wenzake waliujaza upya kwa mawe na udongo. Serikali ya Mwingereza haikuona kichekesho chochote hapo, wala mnyapara hakukiona. Anania alikuwa ameanza kukiona, na kilimuudhi.

Mkewe, Lusia, alitaka wahamie Mbeya kwa kaka yake, kwenye maji ya bomba. Siku moja Anania alitoka nyumbani ameahidi kuacha kazi.

Kabla hajamwona mnyapara, lori la Bwana Kosta, Mgiriki mkulima wa tumbaku wa Iringa, likazama kwenye tope. Vibarua wakichimbua magurudumu, Kosta akawasimulia habari za Sisifo, mtu wa kwao aliyehukumiwa kusukuma jiwe mpaka kileleni. Likikaribia kufika, linaporomoka. Anashuka, anaanza tena, milele.

Alitegemea wacheke. Anania akavua kofia.

"Pole sana, bwana. Ni ndugu yako?"

"Hapana! Hadithi ya zamani tu."

"Hata hivyo mfikishie pole. Mwambie atafute gogo akinge jiwe, kama sisi tunavyokinga gurudumu. Apumzike kidogo."

Kosta alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lori likatoka, likaenda zake. Anania hakumwambia mnyapara kitu. Alimhurumia Sisifo kwelikweli, kwani yeye Anania walau alikuwa na wenzake wa kupiga nao soga.

Jioni Lusia alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo hujaacha kazi."

"Bado."

"Mtu wa Wagiriki umempa pole. Mimi nachota maji, yanaisha. Napika, mnakula, mnaamka na njaa. Tangu uliponioa, umenipa pole lini?"

Swali lilimchoma. Anania akachukua debe, akateremka kisimani, mahali ambapo mwanamume hakuonekana ila mkewe akiwa mzazi au mgonjwa.

"Lusia anaumwa?" wanawake wakamuuliza.

"Mzima kabisa."

Akapanda kilima maji yakimmwagikia shingoni. Yangeisha kabla ya asubuhi, alilijua hilo, na bado alikuwa na furaha.

Mlangoni Lusia akamtua debe, akachungulia ndani.

"Nusu umemwaga njiani. Na ndiwe unayekataa bomba la Mbeya!"

"Basi narudi," Anania akasema, akashika tena njia ya kisimani. Nyuma yake alimsikia Lusia akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia mwaka mzima.