Mkwe wa Mstari wa Mbele

Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo wateja walimbandika kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Siku za kazi alishona sare za shule. Jumamosi alasiri alichekesha watu katika ukumbi mdogo nyuma ya gereji, ambako nusu ya watazamaji walikuwa wanasubiri magari yao yatengenezwe.

Kituo cha televisheni kilipompigia simu kwamba mchekeshaji wao ameugua na nafasi iko wazi, mumewe, fundi umeme, alimkumbatia na koleo ikiwa bado mkononi. Mama mkwe alikwenda kupiga pasi gauni lake la heshima.

"Mama, una safari?" Sindano akamuuliza.

"Nakusindikiza. Utasimamaje mbele ya watu bila mtu wako?"

Mama huyu, mkunga mstaafu aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, ndiye aliyetaniwa katika vichekesho vyote vizuri vya Sindano, na hakuwahi kukanyaga ule ukumbi. Sasa angekaa mstari wa mbele studioni, mkoba mapajani, amsikilize mke wa mwanawe akimtania mbele ya nchi nzima. Basi njiani Sindano akavifuta kichwani kimoja kimoja, akabaki na vya cherehani.

Studio ilikuwa na baridi ya jokofu. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja.

"Sisi mafundi hatusemi uongo," alianza. "Tukikwambia njoo kesho, tunataka kweli uje. Tumekuzoea. Usipotokea siku mbili tunakuuliza kwa majirani."

Watu wakacheka. Cha vifungo wakakicheka kidogo, cha zipu wakakitazama tu. Mtangazaji wa kipindi akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Sindano akaanza cha uzi, akakisahau katikati.

"Mwanangu," ikasikika sauti kutoka mstari wa mbele, "mbona umeiruka ile ya choo?"

Ukumbi ukageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, uso mkavu kabisa.

"Mama, ile si ya kusema mbele za watu."

"Kuta za nyumba yetu ni karatasi. Nimeisikia ukiifanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Sema."

Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Sindano akavuta pumzi.

"Huyu ni mama mkwe wangu. Amekuwa mkunga maisha yake yote, na kustaafu kumemshinda. Nikichelewa chooni kidogo tu, anagonga mlango: 'Sukuma, mwanangu, usikate tamaa, tuko pamoja.'"

Kicheko kikapasuka. Mama akangoja kitulie, kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo.

"Na hajawahi kuniangusha," alisema.

Mpiga kamera akalazimika kuegemea kamera yake. Mtangazaji alifuta machozi kwa tai. Kuanzia hapo Sindano alivirudisha vyote alivyovifuta, na kila alipomaliza kimoja, mama alimsahihisha au kumwongezea.

Baadaye, katika chumba cha kujipodoa, Sindano alikaa sakafuni miguuni pa mama mkwe.

"Mama, nisamehe. Niliogopa utaona nakuvunjia heshima."

"Tangu baba yenu afariki, nyumba nzima mnaongea nami kwa sauti ya hospitali," mama alisema, akimfuta poda shingoni. "Mama pumzika, mama kaa. Ni wewe tu huko bafuni uliyekuwa unanicheka. Nilikuwa nasimama mlangoni kusikiliza."

Sindano alicheka huku analia. Mlango ukafunguliwa; mtangazaji alitaka kujua kama Sindano anaweza kurudi kila wiki.

"Mimi naweza," Sindano alijibu. "Muulize na mama."

Mama alisema atafikiria, akaomba kwanza aambiwe kwa nini studio ina baridi kiasi kile. Walipotoka, walinzi wa getini waliomba kupiga picha na mama. Sindano ndiye aliyewapiga picha, mkoba wa mama ukining'inia begani mwake.