Kiti Namba 17 Chapata Kitanda

Kila mechi ilipomalizika, Chizuru Kuramochi na wenzake kumi na wanane walipanguza viti vyote elfu tisa na mia nne vya ukumbi wa voliboli, ambavyo hakuna aliyevikalia. Mashabiki wa Tokyo walikuwa wamekatazwa kuingia kwenye Michezo ya Olimpiki kwa sababu ya maradhi ya korona. Mwongozo wa usafi ulichapishwa kabla ya katazo hilo na haukubadilishwa. Ulitaka vitambaa viwili, kimoja chenye dawa na kingine kikavu.

Jumatano, tarehe ishirini na nane Julai, saa saba mchana, Chizuru alifika sehemu ya 214, safu ya tisa, akagusa kiti namba 17 na kukuta kina joto. Alimwita Sumie, mwenzake wa zamu, mwanamke wa miaka sabini aliyekuwa akipanguza safu ya juu yake. Sumie aliweka kiganja pale.

“Hiki kina homa,” alisema. “Huku juu kuna vingine viwili. Nilidhani ni mkono wangu.”

Chizuru alichukua kipimajoto kilichotumika kuwapima wafanyakazi langoni. Viti vya jirani vilikuwa na nyuzi ishirini na nne, sawa na hewa ya ukumbi. Namba 17 ilikuwa na thelathini na nane nukta mbili.

Alikijua kiti hicho. Mdogo wake, Yasunori, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, alikuwa ameomba tiketi katika bahati nasibu mara kumi na moja, na mara moja tu jina lake likatoka: 214, safu ya tisa, 17. Tiketi ilifutwa pamoja na nyingine zote. Tangu Jumatatu alikuwa amelala nyumbani kwake Edogawa, na kipimo kilikuwa kimethibitisha maradhi. Kituo cha afya cha wilaya kilimwambia asubiri kitanda cha hospitali.

Chizuru alimpigia simu wakati wa mapumziko.

“Una nyuzi ngapi sasa hivi?”

“Thelathini na nane nukta mbili. Nimetoka kupima. Umejuaje, Dada?”

“Nimekipima kiti chako.”

“Aa.” Yasunori alikohoa kwa muda. “Mechi ilikuwaje?”

“Sikuangalia. Unajua nilitia sahihi ombi la kutaka Michezo isifanyike.”

“Ukatia sahihi, kisha ukaenda kuwafagilia.”

“Kazi ni kazi. Kunywa maji.”

Kanuni zilitaka kila joto lililopita thelathini na saba na nusu litolewe taarifa. Chizuru alimwendea msimamizi wao, Bwana Tokunaga. Huyu alisikiliza, akafungua kitabu cha kanuni, akakwama kwenye neno moja. Daktari wa ukumbi alikuwa wa wahusika tu. Neno hilo lilikuwa limebandikwa kwenye kila mlango tangu Michezo ianze. Mwanariadha alikuwa mhusika, na mwamuzi, na mwandishi wa habari, na mfadhili, na mpanguza viti. Aliyebaki nje ya uzio hakuwa mhusika, hata kama nyumba yake ilitazamana na lango. Kuhusu viti kitabu hakikusema kitu. Bwana Tokunaga alipiga simu ofisi kuu na kusubiri dakika arobaini. Jibu lilikuwa kwamba kiti kimo ndani ya uzio, kina namba, na hakijatoka nje tangu ukaguzi wa mwisho. Basi kiti ni mhusika.

Daktari Ushijima alifika baada ya dakika nane, akiwa na wauguzi wawili. Chumba chake cha matibabu kilikuwa na vitanda sita, na mpaka siku ile kilikuwa kimempokea mgonjwa mmoja, mchezaji aliyeteguka kidole. Alikipima kiti, akaagiza kifunguliwe boliti. Wauguzi walikibeba, wakakilaza kwenye kitanda cha kwanza na kukiwekea barafu.

Kufikia Jumamosi viti vyenye homa vilikuwa arobaini na kimoja. Vitanda vyote sita vilijaa, na vilivyobaki vilizungushiwa utepe wa njano ili vingoje.

“Angalau vyenyewe vimepata foleni,” Sumie alisema. “Jirani yangu amepata simu tu. Binti wa kituo cha afya anapiga kila asubuhi: ‘Bado u hai, mama?’ ‘Bado, mwanangu.’ ‘Asante kwa ushirikiano.’”

Jumapili jioni Yasunori alishindwa kupumua vizuri, akaita gari la wagonjwa. Wahudumu walipiga simu hospitali thelathini na saba wakiwa wamesimama jikoni kwake. Baada ya muda wa saa tatu waliinama, wakaomba radhi, wakaondoka bila yeye. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia tisini na moja.

Jumatatu mchana kiti namba 17 kilikuwa na nyuzi thelathini na tisa nukta sita, na wauguzi walikuwa wamekifunga mpira wa oksijeni kwenye egemeo. Chizuru aliingia kwa kibali cha kupanguza sakafu.

“Daktari, mwenye kiti hiki ni mdogo wangu. Yuko Edogawa, dakika ishirini na tano kwa gari. Nikuombe umlete yeye, mkirudishe hiki mahali pake.”

“Ana kibali?”

“Alikuwa na tiketi.”

“Tiketi zilifutwa, Bibi Kuramochi.”

“Na kiti hakikufutwa?”

“Hapana.” Daktari alivua miwani na kuifuta. “Nimetolewa hospitali kuja hapa wiki nne. Kule wodi yangu imejaa, wengine wamelala kwenye korido. Hapa nina vitanda sita na siruhusiwi kumlaza asiye mhusika. Nimeandika barua mara mbili.”

“Wamejibuje?”

“Wamenishukuru.”

Chizuru alimaliza sakafu. Alipompigia Yasunori, alisikia televisheni nyuma yake, na viatu vya wachezaji vikilia kwenye uwanja wa ukumbi uleule aliokuwa ndani yake.

“Wangeahirisha tena mwaka mmoja,” Chizuru alisema, “daktari huyu angekuwa wodini kwake na wewe ungekuwa mgonjwa wake.”

“Nao je? Wamengoja miaka mitano wale wasichana. Goti halingoji miaka sita, Dada. Mimi najua.” Aliwahi kuchezea timu ya kiwanda. Alipumzika kidogo kati ya sentensi. “Usinune. Tunaongoza.”

Jumanne saa tisa na dakika ishirini alasiri kiti kilishuka kutoka thelathini na tisa nukta moja hadi ishirini na nne, kwa mkupuo mmoja. Muuguzi alibadilisha kipimajoto akapima tena. Ishirini na nne. Daktari Ushijima alimtazama Chizuru, aliyekuwa ameingia kupanguza sakafu na tayari alikuwa na simu sikioni. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Bwana Tokunaga aliingia na fomu. Ilikuwa na visanduku viwili tu: homa inaendelea, homa imeshuka. Daktari alishika kalamu kwa muda mrefu, akatia alama kisanduku cha pili.

“Poleni sana na kazi,” Bwana Tokunaga aliwaambia wote. “Ndicho cha kwanza kupona.”

Chizuru aliruhusiwa kuondoka nusu saa kabla ya zamu kuisha. Kabla hajapanda treni, kitanda cha kwanza kilikuwa kimepewa kiti kutoka sehemu ya 108.

Taarifa ya afya ya siku hiyo ilibandikwa asubuhi iliyofuata kwenye lango la wafanyakazi. Sumie aliisoma kwa sauti, kwa kuwa wengine hawakuwa na miwani: wahusika wenye homa, arobaini; waliopona, mmoja; vifo, hakuna. Chizuru, aliyekuja kuomba siku tatu za msiba, aliisoma tena mwenyewe. Hakuona kosa lolote.