Nchi ya Kuombewa

Nyuma ya milima ambayo hakuna mchora ramani aliyejisumbua kuipanda, palikuwa na nchi iitwayo Uwakala, na mji wake mkuu ukiitwa Fahari; nchi ya baridi kali, ambako Noeli huangukia katikati ya kipupwe, maji yakaganda mitungini na watu wakatembea wamejifunika mablanketi hadi puani. Wenyeji wake walikuwa Wakristo wa kupigiwa mfano. Hawakukosa sikukuu, hawakupungukiwa na mapambo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusali.

Msinielewe vibaya: sala zilikuwapo, tena tele. Ila kila nyumba ilikuwa na Msemaji wake, mtu wa sauti tamu na joho refu, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kanisani kuzungumza na Mwenyezi Mungu kwa niaba ya nyumba ile. Wenye nyumba waliingia kanisani kwa harusi, kwa msiba, na kwa Noeli. Siku nyingine walibaki kukaanga maandazi na kushona nguo mpya, maana Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli, yana shughuli nyingi, na nani ana wasaa wa kupiga magoti ilhali pilau iko motoni? Wakikutana njiani waliulizana, "Umeombewa?" na jibu la adabu lilikuwa, "Nimeombewa, namshukuru Msemaji wangu." Kumwomba Mungu kwa kinywa chako mwenyewe kulihesabiwa kuwa ufidhuli, sawa na kuingia kwa mfalme kupitia mlango wa jikoni. Sheria ilikataza.

Katika mji huo aliishi Bi Shauku, aliyefiwa na mumewe mwaka huohuo wa kisa hiki. Msemaji wake, Mzee Ufasaha, alikuwa bingwa wa nchi nzima, na kila Jumapili alipita kumweleza jinsi sala yake ilivyopendeza. Bi Shauku alishukuru, akafunga mlango, akabaki na uchungu uleule.

Majilio yalipokolea, baridi iliwakaba Wasemaji koo, mmoja baada ya mwingine, na mwisho ikamkaba Mzee Ufasaha mwenyewe. Alituma ujumbe kwamba sala za Bi Shauku zingengoja mpaka apone. Ujumbe huo ulimkuta mama wa watu akikanda unga. Hasira ikampanda ghafla, akapiga magoti palepale, mikono imejaa unga, akasema:

"Bwana, ni mimi, Shauku. Sijui maneno mazuri. Mume wangu umemchukua, nami nimekukasirikia, na sikukuu hii naiogopa. Kaa nami kidogo."

Hakuna radi iliyopiga. Kilichotokea ni kwamba alilia hadi akachoka, na alipoinuka alijua, kwa yakini ambayo hakuna Msemaji aliyewahi kumletea, kwamba hakuwa amelia peke yake. Kesho yake akarudi palepale, na keshokutwa pia. Majirani wakamsikia akizungumza jikoni na mtu asiyeonekana, tena akicheka, nao, kwa ujirani mwema, wakaenda kumshtaki.

Baraza lilikaa mchana wa mkesha wa Noeli mbele ya Hakimu Taratibu, mtu mpole wa moyo lakini mtumwa wa desturi.

"Bi Shauku," akasema, "hatuna nia ya kukuaibisha. Apa kwamba hutasema tena na Mungu kwa kinywa chako, na kesho utaingia kanisani pamoja nasi. Ukikataa, mlango wa kanisa utafungwa kwako maisha yako yote."

Ndani ya kanisa lile Bi Shauku aliolewa, na humo alimuaga mumewe.

"Mheshimiwa Hakimu, kanisa lile nalipenda mno," akajibu. "Lakini yule mnayemwimbia humo nimempata jikoni kwangu. Niape kumnyamazia? Samahani, Mheshimiwa, hapo ndipo nitakapokosa adabu."

Watu wakaguna. Hakimu akashusha pumzi, akainuka kutoa hukumu. Lakini kwa sheria ya Uwakala, hukumu haisomwi wala baraza halifungwi, wala mtu haondoki, kabla Msemaji hajaomba. Mzee Ufasaha, aliyejikokota kuja kwa kuwa Wasemaji wengine wote wangali kitandani, akasimama, akatengeneza joho, akafungua kinywa. Kikatoka kikohozi.

"Basi tungoje apone," akasema mmoja.

"Apone lini?" mwanamke akafoka kutoka nyuma. "Kesho ni Noeli, na pilau yangu iko motoni!"

"Aombe Bi Shauku!" mwingine akadakia. "Si ndiye aliyezoea?"

Bi Shauku akatikisa kichwa, akamgeukia Hakimu. "Nikikuombea wewe, Mheshimiwa, nitakuwa Msemaji mwingine tu. Sema naye mwenyewe. Anza na jina lako."

Hakimu akautazama mlango, akaitazama dari, akavua kofia.

"Bwana," akasema. "Ni mimi, Taratibu." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Nimechoka, Bwana. Kila mwaka nasherehekea kuzaliwa kwako, na wewe mwenyewe sikujui. Ningependa kukujua."

Akaketi, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Ndipo ikasikika sauti iliyokauka ya Mzee Ufasaha: "Ni mimi, Ufasaha. Habari za wote nimekuletea, zangu bado." Na baada yake mwingine, na mwingine, hata baraza zima likajaa minong'ono, kila mtu na jina lake.

Hukumu haikusomwa, kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka. Pilau ziliungua nusu ya mji, wakala ukoko, na nawaambia hawajawahi kula Noeli tamu kuliko ile.

Asubuhi ya sikukuu Bi Shauku aliingia kanisani kwa mlango mkubwa, na Hakimu ndiye aliyemfungulia. Waliimba kwa sauti mbaya na kwa moyo mweupe. Kisha Bi Shauku akarudi kwake, akakunja mikono ya gauni, akatia unga bakulini.

"Bwana, ni mimi tena," akasema. "Ile sikukuu niliyoiogopa imefika. Karibu."