Funzo Lisilouma

Bi Tatu binti Kibwana alikuwa na vidole viwili vilivyoogopwa kuliko fimbo ya mwalimu mkuu: gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Kwa vidole hivyo alikuwa amefinya mapaja ya nusu ya wanawake wa kijiji chao kule Kisarawe, maana alikuwa kungwi, na kungwi wa zama zake hakumfunda mwali kwa maneno matupu. Neno moja, finyo moja. "Funzo lisilouma halikai," alikuwa akisema, na mwali aliyethubutu kulia aliongezewa.

Sasa kungwi mwenyewe akawa anafundwa. Alianguka akiokota korosho, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, na mfupa ukaunga vizuri. Kilichobaki kilikuwa mguu wenyewe. Baada ya kulala kwa miezi ulikuwa umejizoesha tabia mbaya, ukawa unajiburuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda madrasa. Ndiyo maana akahamia kwa muda Kibaha, kwa Zawadi, binti wa kaka yake, aliyekaa Tumbi, jirani na kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo.

Pale kliniki mwalimu wake alikuwa Laurensia, mwanamke kijana wa Bukoba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alibandika vipande vya plasta sakafuni na kumwonyesha pa kukanyaga.

"Bibi, kisigino kwanza, vidole baadaye. Na hatua ya kulia ilingane na ya kushoto."

Bi Tatu alikuwa mwanafunzi hodari, hilo lazima tulikubali. Alikosea, akarudia, akakosea tena, lakini mpaka saa ya kuondoka mguu ulikuwa umeshika adabu na Laurensia anapiga makofi. Shida ilikuwa kesho yake. Akiamka tu, mguu umesahau kila kitu. Kru, kru, ndala inakwaruza sakafu ya korido kana kwamba jana haikuwapo. Zikapita wiki za namna hiyo. Jioni anajua, asubuhi hajui.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Dada yake mkubwa, marehemu Bi Zuleha, alianza vivyo hivyo. Alisahau kufunga mlango, akasahau majina ya watoto, mwisho akasahau njia ya kutoka kisimani kwenda nyumbani, wakamkuta kwenye shamba la watu analia. Bi Tatu hakumwambia mtu, lakini kila asubuhi alipoisikia ndala yake ikikwaruza, alijiona anaifuata njia ya dada yake. Aliogopa sana.

Halidi, mwanawe wa pekee, naye akatia chumvi kwenye kidonda. Alipiga simu kutoka Kisarawe, na Zawadi akaweka spika bila kujua kinachokuja.

"Dada, mimi naona mama abaki huko huko kwako, nyumba niipangishe. Mtu anayesahau hata kutembea, atakumbuka kuzima jiko?"

Bi Tatu alisikia kila neno. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe kwa korosho zao wenyewe, na humo ndimo alimotaka kumalizia siku zake. Lakini angebisha vipi, wakati yeye mwenyewe alikuwa anajiuliza swali lile lile? Akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Siri ilifichukia kwenye beseni la kufulia. Zawadi alikuwa anafua khanga za shangazi yake, akakuta fundo gumu kwenye pindo, na ndani ya fundo uji mweupe. Akaunusa, akajua. Ni vidonge vya maumivu, vile alivyoandikiwa Bi Tatu avinywe kabla ya kwenda mazoezini.

"Shangazi! Kumbe dawa hunywi?"

"Ninywe ili iweje?" Bi Tatu akajibu bila haya. "Nikinywa, maumivu yanaondoka. Maumivu yakiondoka, somo nitalishikaje?"

"Kwa hiyo siku zote hizo kule unaumwa?"

"Goti linawaka moto, na nyonga ndiyo usiseme. Lakini nakaza meno. Mwali halii."

Kesho yake Zawadi akamshitaki kwa Laurensia mchana kweupe. Laurensia hakugomba. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mgonjwa wake.

"Bibi, kila siku nakuuliza kama unaumwa, unaniambia hapana."

"Ningesema naumwa, ungenipunguzia somo."

Laurensia akacheka, kisha akaacha. "Mwili unaweza kujifunza huku unaumia, ndiyo maana ukiwa hapa unatembea vizuri. Lakini kwa watu wa umri wako, kilichofundishwa kwenye maumivu mara nyingi hakilali na mtu. Kesho kimeondoka. Kwa nini hasa, hata sisi bado tunachunguza. Ila kosa langu nimelijua, nilikuwa namfundisha mtu anayeungua."

Bi Tatu akamwinamia. "Kwa hiyo si kichwa?"

"Kichwa gani?"

"Changu. Dada yangu alipotewa na akili kabla hajafa."

"Bibi, jana umeniuliza hali ya mama yangu kwa jina lake, na jina hilo nilikutajia siku ya kwanza tu. Kichwa chako hakina neno. Mguu ndio unaosahau, na tumeshajua sababu."

Bi Tatu alijifunika mtandio, akalia. Kungwi aliyewakataza watoto wa watu kulia alilia mbele ya mgeni wa Bukoba, tena bila kufinywa, na moyo ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Njiani akaanza tena. "Yule ni mtoto. Mimi nimefunda wangapi! Wewe mwenyewe nilikufinya, na mpaka leo hujasahau."

"Finyo sijasahau," Zawadi akasema. "Hapa pajani, na hapa. Lakini ulichokuwa unanifunza siku ile, Shangazi, wallahi sikikumbuki hata chembe. Nilikuwa nangoja finyo linalofuata."

Bi Tatu akavitazama vidole vyake viwili mpaka wakafika nyumbani.

Siku ya zoezi lililofuata alikunywa dawa, Zawadi akimtazama mpaka glasi ikaisha. Laurensia naye akapunguza kasi, na goti lilipoanza kulalamika walipumzika. Somo lile halikuuma, na Bi Tatu alijiona kama anakula cha bure.

Asubuhi Zawadi akiwa jikoni alisikia hatua koridoni. Pa, pa, pa. Akadhani mgeni. Alipochungulia akamwona shangazi yake amesimama katikati ya korido, anaitazama miguu yake.

"Limelala na mimi," Bi Tatu akanong'ona. Kisha akapaza sauti mpaka majirani wakasikia. "Zawadi! Somo limelala na mimi!"

Si kwamba ilikuwa moja kwa moja. Ziko asubuhi ndala ilipokwaruza tena, lakini sasa alijua ni goti, akatulia, akalipumzisha, na mwendo ukarudi.

Halidi alikuja Jumamosi moja na mihogo na maneno yake kuhusu mpangaji. Aliketi sebuleni akiyapanga mdomoni. Mlango wa jikoni ukafunguka, mama yake akatoka na chupa ya chai mkononi, kisigino kwanza, vidole baadaye, akaivuka sebule yote na kuiweka mezani.

"Shikamoo, mama," Halidi akasema, macho yakiwa miguuni kwake. "Mama, mimi nilisema... nisamehe."

Vidole viwili vikamwendea shavuni. Halidi alivijua vile tangu utotoni, akafumba macho kungoja finyo. Badala yake akapapaswa.

"Nikikufinya utasahau ninachokwambia," mama yake akasema. "Jiko nimezima. Beba mzigo wangu, twende nyumbani."