Upande wa Pili wa Ziwa

Sammy alipopiga simu kusema kwamba Jumamosi angekuja kumtembeza mzee, Kageha alibaki na simu sikioni hata baada ya ndugu yake kukata. Sammy hakuwa mtu wa kumtembeza mzee. Tangu baba yao aanze kupoteza kumbukumbu, Sammy alikuja Iguhu kwa nadra. Akija, alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai huku ameshika funguo za gari, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshakumbuka shughuli inayomngoja mjini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kageha ndiye aliyemwogesha mzee, akamlisha, akafua mashuka kila asubuhi, akamfuata migombani kila alipotoroka. Lakini mtu akikuletea msaada humuulizi ameutoa wapi. Jumamosi ilipofika alichemsha viazi vitamu, akamvika mzee sweta yake ya kijani na gambuti, wakaingia garini.

Walifika lango la msitu jua likiwa bado kali. Mzee Andati alishuka na fimbo yake, uso umemchangamka kama mtu anayekwenda kutazama mafahali wakipigana. Enzi zake alikuwa na fahali wa kupigana aliyejulikana Ikolomani nzima, akiitwa Tingatinga. Majina ya wanawe yalikuwa yamemtoka mzee huyu, lakini la Tingatinga lilibaki.

Askari wa msitu pale langoni, mwanamke mwembamba aliyejitaja kuwa Jepkorir, aliwaonyesha njia kwa kidole.

"Hii inazunguka ziwa lote na haina mlima. Hata watoto wa nasari wanaizungukanga. Ila mkifika upande wa pili, pale penye mafunjo, msitoke njiani. Mvua zimekula ukingo. Utaona majani ufikirie ni ardhi, kumbe chini ni tope tupu."

"Tumesikia," Sammy akasema.

"Na mrudi mapema. Mvua ya leo haitangoja."

Njia yenyewe ilikuwa pana, imefagiliwa, na mizizi iliyovuka imepakwa chokaa ili watu wasijikwae. Kushoto kwao miti mikubwa ilifunga anga. Kulia kulikuwa na ziwa. Halikuwa ziwa kubwa. Mtu angeweza kumpungia mwenzake ng'ambo naye akamwona. Lakini maji yake yalikuwa meusi, hayakuonyesha mawingu wala miti, na Kageha alijikuta akitembea upande wa msituni bila kujua kwa nini.

Sammy alikuwa amemshika mzee kiwiko. Kageha alitazama ule mkono. Hakukumbuka lini aliwahi kumwona ndugu yake akimgusa baba yao, na namna alivyomshika haikumpendeza. Alimshika kama mtu anayebeba kitu cha jirani, anayesubiri kukirudisha. Kila baada ya hatua chache Sammy aliinua macho akatazama ng'ambo, kwenye mafunjo.

"Unatafuta nini kule?" Kageha akamuuliza.

"Sitafuti kitu."

Walipofika kwenye benchi la kwanza, Sammy alisimama. "Kaa hapa upumzike. Mimi na mzee tutaenda pole pole. Tutazunguka mpaka langoni, kisha tuje tukuchukue."

"Nitapumzika nyumbani."

"Kageha. Hebu tazama mikono yako."

Aliitazama. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni, kucha zimelika. Hakuna aliyekuwa ameitaja mikono yake kwa muda mrefu, na aliyeitaja alikuwa ndugu yake. Akakaa.

Mzee aligeuka akamtazama. Siku hizi alimwita mama. "Mama, usisahau kufunga zizi."

"Nitafunga, Baba."

Aliwaona wakienda, sweta ya kijani na shati jeupe, mpaka njia ilipokata kona ikawameza.

Hakukusudia kulala. Aliegemea tu, akasikia mbega wakirukaruka juu na ndege mmoja akirudia neno lile lile, na usingizi wa miaka ukamshukia kama gunia.

Kilichomwamsha kilikuwa ukimya. Mbega walikuwa wameondoka. Ndege hakuwepo. Wingu lilikuwa limetua juu ya msitu, mwanga umekuwa wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na mbali, upande wa Kakamega mjini, radi ilinguruma. Akasikia nyayo nyuma yake, kutoka upande wa langoni. Akageuka akitabasamu, tayari kuuliza kama mzee amechoka.

Sammy alikuwa peke yake.

"Twende, mvua inakuja," akasema. Funguo za gari zilikuwa mkono wa kulia.

"Mzee yuko wapi?"

"Si alirudi kwako? Alisema anataka kurudi kwako. Nikafikiri mko pamoja."

Alikuwa na jasho usoni, na viatu vyake vilikuwa na tope jeusi hadi kwenye kamba. Lakini Kageha hakuwa akitazama viatu. Katika mkono wa kushoto, kana kwamba amesahau kuwa ameishika, Sammy alikuwa na fimbo ya mzee.

"Alirudi kwangu," Kageha akasema taratibu, "bila fimbo yake?"

Sammy aliitazama ile fimbo.

Kageha alikimbia. Alikimbia kwa njia ile waliyopita wao wawili, leso yake ikilegea kiunoni, akiita "Baba! Baba!" na msitu ukiinyamazia sauti yake. Matone ya kwanza yalianza kupiga majani juu kabla hayajafika chini. Alipofika kwenye mafunjo aliona alama za gambuti zikiiacha njia, moja, nyingine, ya tatu imezama nusu. Kisha akasikia sauti.

"Tinga! Tinga, njoo! Njoo, baba, njoo!"

Mzee alikuwa amesimama katikati ya mafunjo, tope limemfika mapajani, mkono ameunyosha kuelekea maji kana kwamba amekamata kamba. Alikuwa akimwita fahali wake. Kila alipojaribu kupiga hatua alishuka kidogo zaidi, na hakuonekana kulijua hilo.

"Baba, usisogee! Simama hapo hapo!"

Kageha aliweka mguu mmoja mbele, na ukingo ukaondoka chini yake kama mkate uliolowa. Akajitupa nyuma. Mkono wake haukumfikia mzee. Ulipungukiwa na urefu wa fimbo.

Alipogeuka, Sammy alikuwa amesimama njiani. Alikuwa amemfuata. Mvua ilikuwa ikimwagika usoni mwake na hakuifuta.

"Lete fimbo!"

Hakusogea.

"Sammy! Fimbo!"

Ndugu yake alimtazama yeye, akamtazama mzee, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza jambo la mbali. Kageha aliwahi kumwogopa mbwa, akawahi kuwaogopa mafahali wa baba yake utotoni. Hakuwahi kumwogopa Sammy mpaka wakati ule. Mzee alishuka tena. Tope lilimfika kiunoni, na kwa mara ya kwanza akalia, sauti ndogo, kama ya mtoto aliyeachwa sokoni.

Hapo Sammy akaja. Alijitupa kifudifudi kwenye majani, akasukuma fimbo mbele, akapiga kelele, "Shika, mzee! Shika hii!" Kageha alimfunga ndugu yake leso mguuni, akaizungusha kwenye mti, akaishika kwa mikono yote miwili. Walivuta. Tope halikutaka. Walivuta tena, likatoa sauti ya kunyonya, na mzee akaja polepole, bila gambuti, bila suruali, miguu yake miembamba myeusi kwa tope.

Walilala wote watatu njiani wakihema. Mzee ndiye aliyeketi kwanza. Alimgusa Sammy begani kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mpita njia.

"Asante, kijana. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Andati."

Mzee alifikiri. "Hapana," akasema. "Andati hana mtoto kama wewe."

Sammy alifunga macho. "Ndivyo alivyoniambia hata mwanzo," akamwambia dada yake. "Pale pale alipokuwa ameanza kuingia kwenye majani. Nilimwona akiingia. Nilikuwa nimemshikia fimbo afunge sweta."

"Ukaondoka."

"Nilitaka kuona kama nitaweza kumwacha."

Mvua ilikuwa kubwa sasa, ikipiga ziwa mpaka likaonekana linachemka.

"Na ukaona nini?"

"Niliweza," Sammy akasema.

Mzee hakuweza kutembea pekupeku. Kageha alimfunga leso kiunoni, na kwa kuwa hapakuwa na mgongo mwingine, Sammy alimbeba. Walimaliza mzunguko hivyo, Sammy mbele, mzee mgongoni akiimba wimbo wa kumsindikiza fahali uwanjani, na Kageha nyuma yao, macho kwenye mikono ya ndugu yake palipofungana viganja, chini ya mapaja ya baba yao. Kila njia ilipokaribia maji alisema, "Upande huu, Sammy," na kila mara Sammy alitii.

Langoni, Jepkorir alitoka kibandani na mwavuli. "Mungu wangu! Nini kimewapata?"

Kageha alimngoja Sammy aseme.

"Aliteleza," Kageha akajibu.

Sammy huja Iguhu kila Jumapili sasa. Hukaa ndani, mbali na mlango, humkatia mzee kucha, humletea mkate laini, na mzee humuuliza ni mtoto wa nani. Kageha hupika, hata ingokho, kuku wa kienyeji, siku nyingine, na huwapakulia wote wawili. Ila hukaa katikati yao. Na Sammy akisema, "Wacha nimtoe mzee nje apate jua," Kageha huweka mwiko chini, hufuta mikono, na huenda nao.