Mawe ya Kulia

Asubuhi ya Juni ishirini na moja, Weldon Lihanda alikuwa amepanda kiti cha plastiki kule Shinyalu, akipigilia bango kwenye mparachichi. Shemeji yake Sellah alikuwa amesimama nje ya ua wa waya, karai tupu kwapani.

"Shemeji, maharagwe yamekauka," Sellah alisema. "Jua la leo likiwaka yatapasuka yote. Nifungulie nivune."

"Mama Mitchel, hapa sasa ni eneo la utamaduni," Weldon akajibu, misumari ikiwa mdomoni. "Vumilia kidogo. Sherehe ikiisha utavuna."

Shamba lilikuwa la Sellah, aliloachiwa na marehemu mumewe Willis, kaka mkubwa wa Weldon. Watoto wake walikula maharagwe yale mwaka mzima. Lakini katikati ya shamba palikuwa na mawe ya babu yao, yamesimama duara, na Weldon alikuwa karani katika ofisi ya utamaduni mjini, karani aliyechoka kuwa karani. Kwenye simu alikuwa ameona Wazungu waliovaa majoho meupe wakizunguka mawe yao makubwa, wakilishangilia jua la siku iliyo ndefu kuliko zote. Akajiuliza: kwani mawe ni yao peke yao? Akanunua waya. Mwalimu wa jiografia alimweleza kwamba sisi tumepakana na ikweta, na siku zetu zina urefu mmoja mwaka mzima, labda zile za mwisho wa mwezi tu ndizo hukataa kuisha. Weldon alimwambia ushamba kama huo ndio unaoturudisha nyuma.

Majoho aliyaazima kwa kwaya ya kanisa, pamoja na wanakwaya wenyewe. Kwa hiyo wapagani wetu walikuwa wameandikwa mgongoni, kwa uzi wa dhahabu, YESU NI MWAMBA. Mchungaji hakuona ubaya, maana mwamba ni jiwe.

Tatizo lilikuwa bango. Kule Ilesi kuna jiwe linalotiririsha machozi na wageni hulipiga picha, na Weldon aliona hata mawe ya kwao yanaweza kulia yakisaidiwa na mtungi wa maji. Ndipo akaandika kwa rangi nyekundu: MAWE YA KULIA. Sisi watu wa huku tunachekwa kwa kuweka l mahali pa r, na r mahali pa l. Safari hii herufi zote zilikaa mahali pake, ila Kiswahili chenyewe ndicho kilichomgeuka. Kulia ni kutoa machozi, na mahali pa kulia ni mahali pa kulia chakula. Walio hai walisoma la kwanza. Wafu walisoma la pili.

Walifika saa sita, wakitokea upande wa migomba yalipo makaburi ya boma. Mbele alikuwa Kuka Lihanda, babu mwenyewe, na koti lake la jeshi na kigoda chake. Walimfuata shangazi watatu. Nyuma kabisa alikuwa Willis, katika suti ya buluu aliyozikwa nayo, ambayo bado ilimbana mabegani. Kila mmoja alikuwa na sahani. Mkubwa wa Weldon wa kazini, aliyealikwa kutoka mjini, aliuliza kama viti vitatosha. Naibu wa chifu, mgeni mwingine wa heshima, akasogea kumpisha Kuka kivulini.

"Hapa ndipo tulikuwa tunakulanga kila mavuno," Kuka alisema akiketi. "Halafu mkaokoka, mkatuacha na njaa. Leo tumeona bango. Asanteni."

Wanakwaya waliangalia viatu vyao. Weldon alikohoa, akawakaribisha wote kwa niaba ya ofisi.

Aliyepika alikuwa Sellah, maana nani mwingine angepika? Alipitisha sufuria juu ya waya moja baada ya nyingine: ugali wetu wa obusuma, mboga za mrenda, na kuku, ingokho wawili waliochemshwa wakalainika. Wafu walikula vizuri, hasa shangazi. Kuku mmoja alipofika kwa Weldon, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na tangu Willis azikwe Weldon alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea cheo.

Kuka aliitoa kwenye sahani ya Weldon kwa vidole viwili. "Mwenyewe yupo," alisema, akampa Willis.

Masikio ya Weldon yalipata moto. Willis aliishika firigisi bila kuila, akatazama huku na huku.

"Weldon, hii waya ni ya nini? Hii shamba si nilimwachia Sellah? Nilipokuwa kitandani si ulinishika mkono, ukasema utamwangalia?"

"Ni ya muda tu, kaka," Weldon alisema. Hata yeye mwenyewe alisikia jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi.

Kila mtu alimgeukia naibu wa chifu. Alipangusa midomo, akasema marehemu ameeleza vizuri sana na kesi yenyewe haina utata. Shida ni kwamba malalamiko hupokewa kwa kitambulisho, na cha Willis kilirudishwa serikalini alipokufa. Ili apate kingine itabidi kwanza azaliwe. Kuka aliliwaza hilo, akasema sheria ni sheria, hata kule kwao kuna foleni.

Mkubwa alisimama kutoa shukrani. Alisema hajawahi kuona sherehe iliyohudhuriwa na vizazi vyote. Itafanywa kila mwaka, Weldon atakuwa afisa, na nguzo za mbao zitabadilishwa ziwe za simiti. Watu wakapiga makofi. Weldon naye alipiga, maana muungwana akivuliwa nguo huchutama, na makofi ndiyo yaliyokuwa karibu.

Willis aliinuka, akaenda hadi kwenye ua. Alipitisha mkono katikati ya waya, akampa Sellah firigisi. Enzi za Kuka wanawake hawakuonja kuku hata mchuzi, basi Kuka akageuka kutazama mawe, ambayo yalikuwa makavu kabisa kwa sababu wanakwaya walikuwa wamekunywa maji ya mtungi.

"Kula, mama," Willis alisema. "Mwenye boma ni wewe."

Makofi yakapigwa tena, marefu zaidi. Halafu yakaisha, na jua likiwa utosini Weldon akaanza kusikia maganda yakipasuka shambani, pa, pa, punje zikimwagika udongoni. Lango lilikuwa nyuma yake na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akaagiza wimbo. Nje ya waya Sellah alitafuna firigisi taratibu, karai tupu kwapani, akiyasikiliza maharagwe yake.